Laptopu ya Jannat na Fundi wa Njoo Kesho

Nyanya tatu zilipasuka kabla Munir hajajua amekanyaga nini. Alikuwa akikatiza soko la Voi na boksi kubwa kifuani, kidevu kimeegemea juu yake, miguu yake mwenyewe haioni.

"We kijana! Hizo ni macho ama ni vifungo?" Kalondu muuza nyanya alisimama, mikono kiunoni.

"Samahani mama, nimebeba kompyuta."

"Hata ungebeba jeneza! Nyanya yangu ilikukosea nini?"

Nyuma yake mtu alicheka. Munir akageuka na boksi lake, nusura aangushe na vitunguu. Aliyecheka alikuwa msichana mrefu, buibui limeachwa wazi mbele, ndani gauni la manjano lenye madoa meupe, asumini kwenye nywele. Matope ya mvua yalikuwa yamejaa soko zima, lakini viatu vyake vyeupe havikuwa na hata tone. Munir hakuelewa. Alikuwa fundi wa redio na kompyuta, na mambo asiyoyaelewa yalimsumbua.

"Mlipe mama wa watu," msichana alisema. "Kisha uniambie ni kompyuta gani hiyo inabebwa kama mtoto mchanga."

"Ni ya kukunja, dada. Laptopu. Unaifunga kama kitabu, unaenda nayo popote."

"Ya nani?"

"Ya atakayeinunua."

"Basi twende," alisema. Aliitwa Jannat, bintiye Mzee Miraj wa Kaloleni, mstaafu wa reli.

Laptopu hiyo ilikuwa na historia fupi. Meneja wa hoteli moja ya mbugani aliinunua kwa Abdulbasit, ami yake Munir na mwenye duka. Akalifungua boksi, akaiwasha mara moja, akasema kobe ana mbio kuliko hiyo, akairudisha. Abdulbasit alinung'unika mpaka akachoka.

"Boksi likishafunguliwa, watu wanadhani unawauzia mtumba," alimwambia Jannat dukani. "Nakukatia karibu nusu ya bei, mwanangu. Lakini usimwambie mtu, watanila."

Jannat aliuza bangili zake, akainunua. Alikuwa na sababu. Alisomea uchapaji Mombasa, na shamba moja la mkonge upande wa Mwatate lilikuwa limemuahidi kazi ya kuchapa ripoti zao akiwa nyumbani. Babake alishasema neno lake: akipata kazi hapa Voi kabla ya Ramadhani, atakaa. Asipopata, atakwenda kwa shangazi yake Mombasa, ambako kulikuwa na ofisi ikimsubiri.

Tatizo lilikuwa moja. Programu ya wale watu wa mkonge ilipotiwa, laptopu iliganda kama uji uliolala. Munir aliipekua.

"Memori ni ndogo," alisema. "Inataka kuongezwa kipande kingine. Nitaagiza Mombasa. Njoo kesho."

Sasa, kila mtu Voi anajua kesho ya fundi. Ukimpelekea fundi cherehani, saa au suruali, atakwambia kesho, nawe utarudi mpaka mbwa wa jirani akuzoee. Lakini kesho ya Munir ilikuwa ya aina nyingine. Kipande kilifika wiki hiyohiyo. Alikitazama, akafikiria kwamba akishakitia Jannat atachukua laptopu yake na hatarudi tena. Akakifunika kwa kitambaa, akakitia kwenye droo.

Ule ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mwaka wa mvua ya El Nino, na mvua ile ilimpa visingizio vya kutosha.

Simu ya duka ililia. Ilikuwa Jannat, kutoka kibanda cha simu nje ya posta.

"Haloo, Fundi?"

"Naam, Jannat."

"Umejuaje ni mimi?"

"Simu imelia kwa adabu."

"Wacha maneno, sarafu yangu inaliwa. Kipande kimefika?"

"Barabara imekatika, mamii. Daraja limezolewa na maji. Njoo kesho tuangalie."

"Huwezi kuniambia kesho hapahapa kwenye simu?"

"Simu haina macho mazuri."

Kisha kicheko, halafu sarafu ikaisha.

Alikuja kesho yake, na kesho iliyofuata. Siku moja alileta kaimati kwenye bakuli lililofunikwa. Wakazila wawili, laptopu katikati yao imefunguliwa tumbo, shira ya sukari ikiwashika vidole.

"Fundi, usiniguse kompyuta yangu na vidole vya sukari."

"Na mkono wako je, niuguse?"

"Jaribu uone kama hujala kofi juu ya kaimati."

Nisidanganye mtu hapa: msichana asiyempenda fundi hamletei kaimati. Jannat naye alikuwa amenaswa. Tofauti ni kwamba yeye kalenda alikuwa anaiona, na Munir hakuwa amemuuliza lolote kuhusu Ramadhani, mkonge wala Mombasa. Wanaume wengi wako hivyo. Tunaangalia macho, hatuulizi habari.

Alhamisi moja Jannat alifika dukani akiwa amekunja uso. Munir alikuwa msikitini. Abdulbasit alikuwa peke yake, akipepea nzi.

"Shikamoo, ami. Mwatate wamenipa mpaka Jumatatu. Kipande changu bado?"

"Kipande gani? Hiki?" Mzee akavuta droo. "Si kiko hapa tangu mvua zianze? Kila siku anakitoa, anakipangusa, anakirudisha. Mimi nilidhani ndiyo matengenezo yenyewe."

Munir alirudi, akamkuta Jannat amesimama na boksi mikononi.

"Daraja limezolewa, eh?"

"Jannat, ngoja nikueleze…"

"Barabara imekatika! Kumbe imekatikia kwenye droo!"

"Nilitaka tu uendelee kuja."

"Basi umefaulu vizuri sana. Kazi ya Mwatate hiyo inaniponyoka. Baba ameshanikatia tikiti ya basi, Jumamosi naenda Mombasa. Huko utaniambia kesho kwa simu mpaka sarafu za Kenya ziishe!"

Akaondoka na boksi lake, na kwa hasira akasahau kile kipande. Na safari hii alikanyaga matope, viatu vyeupe na vyote.

Munir alikaa kwenye kigoda kama redio isiyo na betri.

"Wewe ni punda," ami yake alimwambia. "Lakini punda wetu. Kesho baada ya sala ya Ijumaa twende ukamtilie kitu chake."

Hapo ndipo walipokosea. Walitoka msikitini wakiwa bado na kanzu nyeupe zilizopigwa pasi, Munir, ami yake, na mzee mmoja mwadhini aliyewafuata kwa sababu alisikia kwa Mzee Miraj kuna kahawa nzuri. Kipande kile hakitaki vumbi wala jasho, kwa hiyo Munir alikifunga kwenye leso mpya ya hariri, akakishika kwa mikono miwili. Kaloleni, ukiona wanaume wa kanzu wanabisha Ijumaa nyumba yenye binti, na leso imebebwa namna ile, huulizi wamefuata nini.

Bi Umi, mamake Jannat, aliwachungulia dirishani, akapiga kigelegele kilichoamsha kuku.

"Posa! Miraj, vaa kofia! Imekuja posa! Na bwana harusi kaja mwenyewe, maskini, hakuweza kungoja!"

Kabla hawajavua viatu, majirani wamejaa uani, halwa imetoka, kahawa inamiminwa. Munir alifungua mdomo aeleze. Ami yake akamfinya paja.

"Nyamaza. Mungu akikufungulia mlango, wewe ingia."

Mzee Miraj alikaa wima, akakohoa, akapokea leso kwa heshima zote. Akaifungua pembe moja moja. Ndani mlikuwa na kibao kidogo cha kijani, kimepangwa vidude vyeusi kama kunguni.

Akakigeuza. Akakinusa.

"Siku hizi posa ndiyo hii?"

"Ni memori, baba," Munir alisema.

"Memori ya nini?"

Nyuma ya pazia mtu alipasuka kwa kicheko. Jannat alikuwa amepanga kulia siku nzima, akashindwa. Akatoka amejitanda leso yake, macho mekundu, midomo inatetemeka kwa kujizuia.

"Mwanangu," Mzee Miraj alimwambia Jannat, "mimi sielewi. Watu wako hapa, halwa imeliwa. Unamtaka huyu au humtaki?"

"Aitie kwanza," Jannat alisema. "Tikiti yangu ni ya kesho. Isipowaka, napanda basi."

Wakaiweka laptopu juu ya meza ya halwa. Munir akashika bisibisi. Parafujo ikaanguka, mwadhini akaiokota kwenye ndevu zake. Kipande kikaingia. Kifuniko kikafungwa. Akabonyeza.

Kioo kilibaki cheusi. Bi Umi akashika kifua. Kisha, *piii*, namba nyeupe za kuhesabu memori zikatokea pembeni, zikaanza kupanda. Zikafika pale zilipozoea kukomea. Zikapita. Zikaendelea kupanda, na ua mzima ukapumua.

Jannat akafungua programu ya mkonge. Ikafunguka bila kuganda.

"Sasa waambie hawa wote," alisema bila kumtazama Munir, "kwa nini kilikaa kwenye droo."

Munir akatazama sakafu, akawatazama wazee, akaamua kufa mara moja.

"Nilijua nikikitia hutarudi. Sikujua kwamba nisipokitia utaondoka. Nakutaka, Jannat. Hilo ningelisema siku ile ya nyanya."

"Nimesikia," Jannat alisema. Akafunga laptopu yake taratibu, kama kitabu. "Kuhusu jibu, fundi, njoo kesho."

Majirani walicheka mpaka mwadhini akamwaga kahawa.

Munir hakulala. Asubuhi basi la Mombasa lilipiga honi kituoni, likaondoka, naye alikuwa dukani hakuthubutu kwenda kuangalia. Simu ikalia, kwa adabu.

"Haloo, Fundi?"

"Uko wapi? Mtito Andei? Mombasa?"

"Basi la Mombasa halipiti Mtito, punda wee. Niko posta. Jumatatu napeleka ripoti Mwatate. Tikiti nimemuuzia Kalondu wa nyanya, anaenda kumuona dadake."

Munir akakaa chini, polepole.

"Na jibu langu?"

"Liko tayari tangu jana. Nililiweka kwenye droo."