Chumvi ya Pwani Ndogo

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, nilibeba mtungi wa maji kutoka kwetu Kiganjo hadi Pwani Ndogo, nikamwagilia mche wangu, kisha nikakimbia darasani viatu vikiwa na matope. Mama alisema nitazichakaza soksi zote kabla muhula haujaisha. Sikumsikiliza. Nilikuwa na jambo langu.

Pwani Ndogo haiko pwani. Iko hapa hapa Thika, mbali kabisa na bahari. Zamani ilikuwa uwanja wa michezo ya kulipia. Mwenyewe alichora meli ukutani, akaleta mchanga mweupe kwa malori na kuchimba kidimbwi cha kuogelea. Kidimbwi hicho alikitia chumvi, ili watoto wakionja maji waamini wamefika Mombasa. Kulikuwa na punda wa kupanda, na bembea ya farasi wa mbao iliyozungushwa kwa mpini wa chuma. Aliyeuzungusha mpini huo ni baba yangu, Muli. Nilipokuwa na miaka minne alinikalisha juu ya farasi mwekundu, nikaona ukuta, meli na watu vikinipita, nami nikajua kuwa baba yangu ndiye anayeizungusha dunia.

Kisha uwanja ukafungwa, baba akaenda kufanya kazi kiwandani, na magugu yakaota hadi kwenye madirisha. Mwaka huu kaunti iliamua kuugeuza kuwa bustani ya umma, mtu yeyote aingie bure. Vyote vya zamani viling'olewa isipokuwa bembea na ule ukuta wa meli. Chama chetu cha mazingira kilipewa miche ya jakaranda, kila mwanafunzi mmoja, na Mwalimu Waithira akatuahidi hivi: "Ambaye mche wake utatunzwa vizuri kuliko yote ndiye atakayezungusha bembea mara ya kwanza siku ya ufunguzi."

Nilijua kuwa ni mimi. Nani mwingine?

Kwa kuwa niliijua Pwani Ndogo, mwalimu aliniruhusu nichague mahali kwanza. Nilichagua kando ya kilichokuwa kidimbwi, chini ya ile meli iliyochorwa, kwa sababu hapo ndipo palipopendeza zaidi katika kumbukumbu zangu. Wenzangu wakachagua. Wa mwisho alikuwa Dorine, jirani yangu wa dawati, aliyehamia shuleni kwetu kutoka Ruiru mwezi wa kwanza. Alibakishiwa kona iliyokuwa zizi la punda. Wote tulicheka, naye akacheka pia.

Baada ya mwezi hakuna aliyecheka. Mche wa Dorine ulinifika kiunoni, majani yakiwa ya kijani kibichi. Wangu ulidumaa, majani yakakauka kuanzia kingoni. Nilimwagilia mara mbili kwa siku. Niliuzungushia miiba. Sikumwambia baba, maana nilitaka ashangae siku ile nitakapoushika mpini wake.

"Sasa Mwongeli," Dorine aliniambia asubuhi moja. "Si nikusaidie kubeba maji? Wako unakaa mgonjwa."

"Shughulika na wako," nikamjibu.

Acha niseme ukweli. Nilimwonea Dorine wivu hadi chakula kikanishinda. Nilichukia jinsi alivyoimba akimwagilia. Nilichukia mwalimu aliposimama kando ya mche ule na kutuita sote tuutazame. Huyu msichana hakuwahi kuiona Pwani Ndogo ikiwa hai, hakuwahi kumpanda farasi mwekundu, na sasa angeshika mpini wa baba yangu. Nilijua kuwa mche wangu hauwezi kushinda tena. Sikujali ashinde nani, mradi asiwe Dorine.

Ijumaa moja nilikumbuka jinsi mwenye nyumba wetu anavyoua majani yanayoota kati ya mawe ya uani. Humwaga chumvi. Jioni hiyo nilichukua pakiti mbili jikoni, nikaenda kwenye zizi la punda, nikaimwaga chumvi yote kuzunguka shina na kumimina maji juu yake. Nilipofika nyumbani mama aliuliza chumvi imeenda wapi, nami nikasema sijui.

Jumatano iliyofuata tulikuta majani ya mche wa Dorine yamekuwa ya kahawia kingoni. Mengine yalikuwa yameanguka. Dorine alichuchumaa akayaokota moja moja. Nilingoja furaha ije, haikuja.

Siku hiyo hiyo, kwa bahati yangu mbaya, baba alikuwa bustanini. Kaunti ilikuwa imemwomba aje siku yake ya mapumziko aitie bembea grisi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua. Mwalimu Waithira alimwita.

"Baba Mwongeli, hebu njoo utuangalizie. Huu ni ugonjwa gani?"

Baba aliinama, akachota udongo kidogo, akauweka kwenye ncha ya ulimi. Kisha akatembea hadi kwenye mche wangu, akatazama majani, akaonja udongo wa pale pia. Alirudi polepole.

"Si ugonjwa," alisema. "Ni chumvi. Ule wa kidimbwini naelewa. Uwanja ulipofungwa tulikuwa na magunia ya chumvi iliyolowa, tukayazika pale chini ya meli. Hapo hata gugu halioti. Lakini huku kwa punda hatukuwahi kuleta chumvi."

Mwalimu alitutazama mmoja mmoja. Nilitazama viatu vyangu.

Dorine ndiye aliyesema. "Mwalimu, nadhani ni mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwetu mama hupika mboga na munyu, ile chumvi ya majivu. Juzi maji yalipotea mtaani, nikaleta yale ya kuoshea sufuria. Nimeuua mwenyewe."

Akaanza kulia, akiwa ameyashika yale majani yake.

Basi, mambo yalikuwa yamekwisha. Ningenyamaza tu, na hakuna mtu duniani angejua. Lakini nilimwona Dorine akijilaumu kwa masufuria ya mama yake, nikaona haya kuliko nilivyowahi kuona.

"Si maji ya sufuria," nikasema. "Ni mimi. Nilimwaga pakiti mbili. Nilimwonea wivu."

Baba hakunipiga wala hakupaza sauti. Alimgeukia Dorine. "Mwanangu amekukosea, nami nakuomba msamaha. Mzizi bado uko hai. Tutaondoa udongo wa juu, halafu tumwage maji, na maji, na maji, mpaka chumvi ishuke chini. Na atakayeyabeba anajulikana."

Niliyabeba kwa wiki tatu, asubuhi na jioni, mtungi wa lita ishirini kwenye toroli la kuazima. Viganja vilitoka malengelenge. Wiki ya kwanza Dorine hakunisemesha. Wiki ya pili alikuja akashika upande mmoja wa toroli, bado bila kusema. Wiki ya tatu jani jipya lilichomoza, naye akaniita nilione. Mche wangu tuliung'oa tukauhamishia karibu na wake, kwenye udongo wa samadi ya punda.

Siku ya ufunguzi, Mwalimu Waithira alimtaja Dorine, ambaye hata chumvi haikumfanya auache mche wake. Wivu ulirudi, sitadanganya. Ulizidi nilipomwona akipanda kijukwaa cha bembea na kuushika mpini wa baba. Watoto wadogo walikuwa wamekalia farasi. Dorine akasukuma. Bembea haikusogea. Akasukuma tena kwa nguvu zake zote, na watu wakaanza kunong'ona.

Nilijua kwa nini. Mpini ule lazima uvutwe nyuma nusu mzunguko kwanza, ndipo ukubali kwenda mbele. Baba alinifundisha zamani. Sasa alisimama nyuma ya umati, akinitazama mimi, si Dorine, na hakufungua mdomo.

Nilimkaribia Dorine. "Vuta nyuma kwanza," nikamwambia polepole. "Nusu tu. Halafu usukume."

Akavuta, akasukuma, na farasi wote wakaanza kwenda. Dorine alicheka kwa sauti. Nami nikacheka.

Baadaye baba alinikuta kwenye miche.

"Wivu umeusikia tena leo, sivyo?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Utausikia mara nyingi. Hata mimi nausikia kiwandani mwenzangu akipandishwa cheo. Lakini wivu hauna mikono, Mwongeli. Kila ubaya wake huufanya kwa mikono ya mwenye wivu. Siku ile uliupa yako. Leo umeunyima, na hiyo ndiyo kazi ya kila siku."

Kisha akaniambia nikachukue mtungi, maana miche haijui kuwa leo ni sherehe.