Ubao wa Nane

Kitanda cha pili kilikuwa kinalia bila mtu. Kinalia kwiii, mara moja, kama mtu mzito anapokaa, kisha chumba chote cha wagonjwa kinanuka maganda ya machungwa. Meli ile haikuwa imeona chungwa kwa miezi minane.

Seremala wa meli alijua sababu, akaificha. Kabla ya vita, meli ile ilikuwa ya abiria, na benchi moja la mbao nane, karibu na dirisha la nyuma, halikukaliwa na mtu. Lilikuwa la mwenyeji, ndivyo mabaharia walivyomwita jini wa meli kwa heshima. Kabla ya kung'oa nanga lazima mmoja alisogelee aseme, "Tunaondoka, mwenyeji." Abiria walicheka, lakini hawakukaa. Jeshi lilipoichukua meli likaipaka kijivu, likafunga mizinga, na seremala akaamriwa kutupa mabenchi yote. Akayatupa, isipokuwa hilo. Roho ya kutupa mbao nzuri hakuwa nayo, basi akaligeuza kitanda cha wagonjwa.

Aliyelala hapo kwanza alikuwa na jipu tu. Akafa. Wa pili alivunjika kidole, naye akafa. Kwa kidole! Daktari alikuna kichwa, akaandika homa.

Kisha adhuhuri moja ndege ya adui ikapita, na kipande cha chuma kikamchana paja mdogo wake seremala, mpiga mzinga aliyeitwa Kijiko kwa jinsi alivyokwangua masufuria. Siku ya kuondoka, mama yao alimwambia seremala maneno mawili tu: "Nirudishie huyu."

Seremala alifika mbio, akamkuta Kijiko ameshalazwa.

"Daktari, mtoe hapo, nakuomba!"

"Nimweke wapi? Kichwani kwangu? Kile kingine kina mtu, na sakafuni maji."

"Kaka," Kijiko alinong'ona, "mwambie huyu mzee asogee. Ananibana."

Hapakuwa na mzee yeyote. Seremala akakimbilia kwa mshika usukani, mwenzake pekee aliyebaki kutoka enzi za abiria, akamweleza yote.

"Umelaza watu juu ya kiti cha mwenyeji? We, akili zako umezipigilia misumari? Lirudishe benchi. Pale pale, ubao kwa ubao."

Seremala aling'oa mlango wa stoo, akaulaza juu ya makasha, akamhamishia ndugu yake hapo, kisha akakibomoa kitanda huku harufu ya machungwa ikizidi na kitu kisichoonekana kikimpumulia shingoni kwa subira, kama mteja anayengoja fundi amalize, mpaka akafika mwisho, akahesabu mbao, zikawa saba.

Akakumbuka. Ule wa nane alifunikia jeneza la yule wa jipu, nalo lilizamishwa baharini.

Akachonga mwingine, akaupaka rangi ileile, akalirudisha benchi penye dirisha la nyuma usiku uleule, bila kumwambia mtu kuwa ubao mmoja ni mgeni. Mshika usukani akainama mbele ya benchi. "Tumekukosea, mwenyeji. Kaa."

Harufu ikaondoka. Kijiko akafumbua macho. "Kuna ukoko jikoni?"

Seremala alilia waziwazi, hakuona haya. Alikimbia jikoni, akarudi na sahani imejaa, akamwinua mdogo wake akae. Kijiko hakuigusa. Alikuwa anamtazama tu, na alipofungua kinywa, pumzi yake ilinuka maganda ya machungwa.

"Ubao wa nane uko wapi?"

Sauti ilikuwa ya Kijiko. Lakini Kijiko hakuwahi kuambiwa habari za mbao.

"Kijiko, mdogo wangu... kula kwanza."

"Uko wapi?"

"Baharini," seremala akasema, kwa kuwa hakuwa na uongo wa kutosha.

Kijiko akaitikia kwa kichwa taratibu, akaridhika. "Basi tuufuate."

Na meli nzima, kutoka mbele mpaka nyuma, ikalia kwiii, mara moja, kama mtu mzito anapokaa.