Moyo wa Babu Unapiga Polepole

Kila asubuhi Babu alivaa raba zake, akakimbia mpaka kiwandani na kurudi. Alikuwa mkimbiaji tangu ujana, na uzee haukumweka kitini. Mjukuu wake, waliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, ndiye aliyempokea kwa kikombe cha maji.

Siku moja darasani kwao Chiriku walifundishwa kuhesabu mapigo ya moyo. Jioni Chiriku akamshika Babu kifundo cha mkono akiwa amepumzika. Dup, kimya, dup. Akajipima mwenyewe, moyo wake ulikwenda mbio. Akarudi kwa Babu. Maskini, wake ulikuwa unajikongoja.

"Vipi, daktari, nitapona?" Babu akatania.

"Utapona," alijibu. Aliamini moyo ule umechoka, na kwamba mbio zingeuzima kabisa. Akazificha raba ndani ya gunia la mkaa.

Kulipokucha, Babu alipekua chini ya kitanda mpaka mgongo ukamuuma. "Chiriku, umeziona raba zangu?"

"Sijaziona, Babu."

Lo, mzee yule alikuwa king'ang'anizi. Alivaa ndala, akatoka. Chiriku akabaki mlangoni, roho juu juu, hata chai hakuigusa.

Babu alirudi akichechemea, ameshikwa mkono na muuguzi jirani yao. Ndala ilikatika, akaanguka, goti likachubuka vibaya.

Chiriku akaangua kilio. "Ni mimi, Babu. Nilizificha. Moyo wako unapiga polepole, nikaogopa utakufa."

Muuguzi akamfunga Babu goti, kisha akampima moyo kwa makini.

"Uko sawa," alisema. "Sikiliza, Chiriku. Kuna mishipa ya fahamu inayouhimiza moyo, na mingine inayoutuliza. Kwa mtu aliyezoea mazoezi, moyo hutulia anapopumzika, kwa sababu pigo moja linasukuma damu nyingi. Ila uzee nao una yake: moyo haubadili mwendo upesi kama zamani. Kwa hiyo Babu aanze polepole, na asikurupuke kitini. Akisikia kizunguzungu, aje tumpime."

Chiriku akashusha pumzi. Babu akamvuta karibu.

"Umefanya hivi kwa kunipenda, najua. Lakini ungesema tu, tungekwenda kwa muuguzi kwa miguu mizima. Uongo wa mapenzi nao ni uongo, mjukuu wangu, na huu umenitoa damu. Ukiogopa, sema."