Pacha Alinifutia Kikomo

Nimerudi kutoka chooni, nakaa kitini... kikomo changu kimefutwa!

Jamani, nyie acheni tu.

Ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio. Kampuni inanunua na kuuza fedha za kigeni kwa mtaji wake yenyewe, na nafasi ilibaki moja. Mimi nilishaacha kazi benki kwa ajili yake. Mama mkwe akanibatiza jina: "Mcheza kamari."

Kikomo ni bei unayoweka mwenyewe. Hasara ikifika pale, kompyuta inakutoa sokoni. Sheria ya Bosi ilikuwa moja: ukivuka kikomo, nje!

Na bei ilishakivuka... mimi bado nimo!

Pembeni yangu alikaa Pacha, shoga yangu tangu chuo, naye akiitaka nafasi ileile. Tuliitana hivyo kwa kupenda kuvaa sare.

"Pacha, nani kagusa kompyuta yangu?"

"Nitajuaje? Kwani mimi mlinzi wako?"

Neno langu la siri alilijua yeye peke yake.

Nikababaika. Nikashika kipanya nifunge biashara... mara bei ikageuka! Ikapanda, ikapanda tena! Nilipobonyeza, nilikuwa na faida kuliko wote chumbani.

Pacha akasawajika.

Bosi akaja, akatazama skrini yangu.

"Hongera. Una la kusema?"

Pacha akaninong'oneza, "Nyamaza wewe! Si umeshashinda?"

Hapo nikajua ni yeye. Iliniuma, wallahi.

"Bosi, hii faida si yangu. Kikomo kilifutwa nikiwa nje. Kingekuwepo, ningetoka na hasara. Na niliporudi nilipaswa kufunga papo hapo, nikababaika."

"Nani alifuta?"

"Sikumwona. Siwezi kumtaja."

"Mimi nilimwona." Akaonyesha kamera juu ya vichwa vyetu. "Pacha, chukua mkoba wako."

Kisha akanigeukia.

"Ungenyamaza, mngeshuka na lifti moja. Faida hiyo siihesabu. Jumatatu njoo kazini. Na ubadilishe neno la siri!"

Nililia palepale, sina aibu.

Wapendwa, shoga mpe nguo, mpe hata kitanda, neno la siri baki nalo. Na faida usiyoweza kueleza umeipataje, iogope kuliko hasara.

Mama mkwe? Bado ananiita mcheza kamari. Ila siku hizi ananivuta pembeni kuniuliza dola itapanda lini.