Choki ya Gari la Mchapaji

Ilikuwa Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi. Kulikuwa na baridi na ukungu mwepesi. Mchapaji mstaafu aliingia katika gari lake la zamani, akavuta kitufe cha choki, akawasha injini. Iliitika mara moja. Baada ya dakika chache moshi mweusi ulijaa uani, na mkewe akaanza kuanua nguo alizokuwa ametoka kuzianika.

Gari hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko binti yao wa kwanza. Siku hizi lilikunywa petroli kama maji, na wiki hiyo lilikuwa limezimika njiani mara mbili. Mke alikwisha kutoa kauli yake: likizimika tena, litauzwa kwa mkwe wao, ambaye alilimezea mate tangu siku aliyooa. Mchapaji hakutaka hata kuizungumzia habari hiyo. Tangu astaafu, kuendesha gari ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo.

Kwa hiyo mke alimwita jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mwanamke fundi wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Spana. Fundi alifungua plagi moja. Ilikuwa nyeusi tii kwa masizi. Alisema kwamba injini ilikuwa ikipata petroli nyingi na hewa kidogo, kisha akaeleza sababu.

Ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, mna kilango cha hewa. Injini ikiwa baridi, kilango hicho hufungwa ili petroli izidi hewa na moto ushike. Hiyo ndiyo choki. Injini ikipata joto, lazima kilango kifunguliwe. Kikibaki kimefungwa, plagi hujaa masizi, na petroli ya ziada huosha oili ndani ya injini mpaka vyuma vikaanza kusagana.

"Huwa unairudisha choki lini, mzee?" aliuliza, akimtazama usoni.

Mchapaji alijibu kwamba hilo hakuhitaji kufundishwa. Injini yenyewe humwambia dereva. Mngurumo hubadilika, naye husukuma kitufe ndani. Alikuwa akifanya hivyo tangu ujana wake.

Mama Spana hakubishana. Alimwomba asimame mbele ya gari, ageukie ukuta, na ainue mkono kila mngurumo utakapobadilika. Kisha akairudisha plagi, akaingia garini, akawasha injini na kuvuta choki. Injini ikaunguruma kwa nguvu. Akaisukuma choki, injini ikatulia. Akaivuta tena mpaka injini ikaanza kukohoa. Mkono wa mzee haukuinuka.

"Mbona huanzi, mwanangu?" aliuliza mzee, bado akiutazama ukuta.

Mke aliweka beseni la nguo chini. Kwa miaka mitatu alikuwa akimsemesha mumewe ndani ya gari hilo bila kujibiwa, na kwa miaka mitatu alikuwa akimnunia. Alimwendea, akamgeuza kwa bega.

"Baba watoto, kumbe husikii. Mimi nilidhani ni kiburi."

"Kiburi nacho kipo," alisema Mchapaji.

Kisha akakiri. Mitambo ya kuchapa ilikuwa imemharibu masikio. La kushoto lilikuwa limekufa kabisa, na la kulia lilisikia sauti ya karibu tu. Alikuwa ameficha jambo hilo kwa kuogopa kunyang'anywa funguo.

Mama Spana alisema kwamba choki ya mkono si mbaya. Gari lake mwenyewe lilikuwa nayo. Haina waya wa umeme wa kuharibika, na dereva huipima kulingana na baridi ya siku hiyo. Lakini inamhitaji dereva anayesikia injini. Choki ya umeme ina springi inayopashwa joto na umeme, na springi hiyo hufungua kilango yenyewe. Kwa mzee, hiyo ndiyo ilifaa.

Mchapaji alisema hicho ni kifaa cha wavivu.

"Na wewe uliyevaa miwani," mkewe alimuuliza, "ni mvivu wa kuona?"

Mzee alikubali. Fundi akampa maelekezo. Kabla ya kuwasha injini baridi, akanyage mafuta mara moja na kuachia, ili kilango kifunge. Akifungua swichi, awashe injini papo hapo. Akikaa kusikiliza redio kwanza, springi itapata joto na kilango kitafunguka, ilhali injini bado ni baridi. Waya wa choki fundi mwenyewe angeutoa kwenye swichi, si kwenye koili inayozipa plagi umeme, kwa sababu hapo ungepunguza nguvu ya cheche.

"Ila funguo atakaa nazo mkeo mpaka upimwe masikio," alimaliza. "Choki haiwezi kukusikilizia honi."

Mama Spana alifunga choki mpya siku hiyohiyo, akasafisha plagi na kubadilisha oili iliyonuka petroli. Mchapaji alikwenda hospitali Jumanne, akapewa kifaa cha kusaidia sikio la kulia, na baada ya kukizoea akaruhusiwa kuendesha akiwa amekivaa. Gari halikutoa moshi tena. Mkwe alinunua pikipiki. Mke alihamia kiti cha nyuma, upande wa kulia, karibu na sikio linalosikia, na wakaanza kuzungumza njiani. Majirani walisema ameajiri dereva.