Robe Moja ya Mapasa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya nyumba za reli nilipotoka kwenda kuomba makala, makaa ya moto, kwa Mama Shekina, jirani yangu. Pasi yangu ni ya makala. Umeme hapa kwetu Kamina ni mgeni wa heshima. Ukimsubiri yeye utaenda kanisani na nguo imekunjamana. Ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa baridi na vumbi, moshi wa majani ya porini umeshuka mpaka kooni. Nilishika bati langu, nikajifunga kikwembe mabegani, nikawa naimba. Ndiyo, naimba. Kazi ilikuwa imekwisha, imebaki kupiga pasi tu.

Niacheni nijisifu kidogo kabla ya mabaya. Mimi Masengo, nguo ya kununua haijagusa mwili wangu tangu niolewe. Shati la mume likichakaa shingoni, kola naigeuza, anatembea kama bwana arusi. Suruali ya mkubwa inakuwa ya mdogo, kisha inakuwa mfuko wa shule, kisha kitambaa cha kushikia sufuria. Na mshono wangu haufumuki. Napitisha mashini mara mbili, uzi mnene. Watu wa mtaa wanasema kwa Masengo kitambaa kitaoza, mshono utabaki. Basi mdogo wangu Lydie aliponiletea zile robe mbili, magauni meupe ya watoto, sikushangaa.

Robe zilikuwa za mapasa wake, Kyungu na Kabange. Mapasa ndivyo tunavyowaita mapacha sisi Baluba, na kwetu ni watoto wa kuogopwa kidogo. Ukimpa mmoja yai, na mwingine yai. Ukimnunulia mmoja ndala, na mwingine ndala, hata kama zake bado mpya. Lydie aliwashonea robe zile sawasawa, kitambaa kimoja, siku moja. Halafu mwaka juzi, mvua zikianza, homa ikamchukua Kyungu.

Sasa Kabange alikuwa apokee komunio ya kwanza Jumapili, na robe yake ilikuwa imempanda juu ya magoti, inambana kwapani, mgongoni haifungi.

"Yaya," Lydie aliniambia, ndivyo anavyoniita mimi dada yake, "fumua ya Kyungu, uongezee mu ya Kabange. Kwapani, mbavuni, na kule chini."

"Ya Kyungu si ulikuwa unaichunga?"

"Nataka bana bangu bote babili bapokee Yezu."

Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Ngandu, mume wake, alikuwa kazini Luena na gari-moshi, hakuna wa kumshauri. Mimi dada mkubwa ningemwambiaje hapana? Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini nani anakumbuka methali mdogo wake akiwa analia? Nilifumua, nikakata, nikaunga. Ile kazi ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Ungesema robe imetoka Lubumbashi.

Niliporudi na makala, mlango ulikuwa wazi.

Lydie, aliyekuja kuchukua robe, alikuwa amepiga magoti katikati ya nyumba. Mbele yake alisimama Kabange, amevaa robe.

"Aka! Lydie! Haijapigwa pasi, unamuvalisha?"

Alikuwa ameweka sikio lake kifuani mwa mtoto, macho amefumba, anatabasamu.

"Yaya... kuya usikie."

Niliweka bati chini. Nilipowakaribia, harufu ilinipiga. Udongo. Udongo mbichi, ule unaotoka chini kabisa shimo likichimbwa. Ndani ya nyumba yangu niliyofagia mchana! Nikainama, nikaweka sikio pale Lydie alipotoa lake.

Pumzi ya mtoto ikaingia... ikatoka.

Na nyingine, nyuma yake kidogo, ikaingia... ikatoka.

Mbili.

"Mama mukubwa," Kabange akanong'ona. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Muambie asinisukume."

"Nani anakusukuma, mama?"

"Kyungu. Anasema fasi ni kidogo, tunabanana."

Nilimgeuza yule mtoto mbio mbio, nikafungua vifungo vya mgongoni, vyote vikafunguka vizuri. Nikavuta robe. Haikuja. Mbele ilikuwa huru, mgongo huru, lakini mbavuni, pale nilipopachika vitambaa vya Kyungu, nguo ilikuwa imemshika ngozi kama maganda ya bukari, ugali wetu, yanavyoshika sufuria. Nilivuta tena, Kabange akalia. Nikagusa ubavu wake kwa juu ya kitambaa. Ulikuwa baridi, baridi ya jiwe la mtoni.

Na chini ya kiganja changu kitu kikatembea. Kidogo kidogo... kama vidole vya mtoto vinavyotafuta mdomo wa mfuko.

"Vidye wami!" Nilipiga yowe la kumwita Mungu kwa Kiluba, na mimi siku zote huomba kwa Kifaransa.

Nilichukua simu, nikampigia Kaku Mbayo, bibi yetu aliyeko Mulongo. Yeye ndiye aliyewaogesha mapasa wale siku waliyozaliwa, akawaimbia zile nyimbo zao za matusi, maana bila matusi mapasa hawafurahi. Simu ililia, ikakata. Ikalia tena. Nilimweleza kwa maneno machache, nikasikia upande wa pili upepo tu.

"Kaku? Unanisikia?"

"Muliunga?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nguo ya ule mwenye alienda, na ya ule mwenye alibakia... muliunga?"

"Ilikuwa ya komunio, Kaku."

"Mapasa tunabagabulia, kila mutu yake, Masengo. Hatubachanganye. Mumeingiza bantu babili mu nguo moja, njo banagombania mwili. Mwenye kuwa na nguvu atabakia."

"Tufanye nini?"

"Fumua. Uzi tu! Usikate kitambaa, utamukata mutoto, na hautajua umekata nani. Na ukimaliza, ile nguo ya Kyungu usimuachilie ma..."

Simu ikafa. Nilipiga, nikapiga, rezo hakuna, mtandao umekatika.

Nje giza lilikuwa limeingia. Nilimpa Lydie simu yangu amulike, nikachukua wembe, nikakaa chini na Kabange katikati ya magoti yangu. Ee ndugu zangu, siku ile nilijichukia. Mshono mara mbili! Uzi mnene! Kila tundu la sindano nililolijaza kwa majivuno yangu, sasa ilibidi nilitafute kwa ncha ya wembe, karibu na ngozi ya mtoto. Nilikata uzi mmoja. Kutoka ndani ya kitambaa ikatoka pumzi ndefu... haaa... Nikakata mwingine. Haaa... Na Kabange naye anazidi kulegea, kichwa kimeniangukia begani, kizito.

"Kabange! Usilale. Unitajie amri za Mungu."

"Ya kwanza..."

Upande wa kulia uliachia. Kitambaa kilianguka chini, na ngozi ya pale ikarudi na joto kidogo. Nilishukuru, nikamgeuza, nikaanza wa kushoto kwapani.

Ndipo sauti ikasema, "Mama."

Haikuwa ya Kabange. Kyungu alikuwa na sauti ya kukwaruza, sauti ya kizee, tulikuwa tunamtania tunamwita nkambo, bibi kizee. Ilitoka pale pale, chini ya kwapa.

"Mama. Iko baridi kule."

Mwanga ukazimika.

"Lydie, washa."

Simu haikuwaka.

"Lydie! Washa simu!"

"Acha, Yaya." Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Umesikia? Ameniita. Tangu mwaka juzi sijaitwa na ule mutoto."

"Kabange anakufa mu mikono yangu!"

"Hafe. Iko na baridi tu. Tutamufunika blanketi... bote babili."

Akanishika mkono wenye wembe. Mdogo wangu yule, ambaye nilimbeba mgongoni mama yetu akiwa shambani, alikuwa na nguvu sijui za wapi. Tulivutana gizani, mtoto katikati. Sikulia, nilitukana. Nilimtukana yeye, nikamtukana na yule wa ndani, matusi ya mapasa niliyoyasikia kwa Kaku, machafu yote, kwa sauti. Mguu wangu ukagonga bati, likapinduka, makala yakamwagika sakafuni. Kwa ule wekundu nikaona uso wa Kabange.

Macho yake yalikuwa wazi. Anamwangalia mama yake.

"Mama," akasema, na hii ilikuwa sauti yake, ndogo, ya mtoto anayeuliza kama ataruhusiwa kwenda kucheza. "Basi minyi niende?"

Mkono wa Lydie ukaniachia.

Akaanguka kando, akaziba mdomo kwa kikwembe, na kilio alicholia pale sitaki kukisikia tena. Mimi nikafumua. Kwa makala, kwa vidole, uzi kwa uzi, mpaka pindo. Kitambaa cha mwisho kilipoachia, harufu ya udongo ilitoka ndani ya nyumba kama mtu aliyepita mlangoni. Kabange akavuta pumzi. Niliisikiliza. Moja.

Niliviokota vile vitambaa vya Kyungu. Vilikuwa na joto. Joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi.

"Kesho tunavipeleka kwenye kaburi lake," nikasema.

"Nitapeleka minyi," Lydie akajibu, akavipokea kwa mikono miwili. "Minyi njo mama yake."

Nikampa. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa, na mtoto alikuwa anaomba bukari. Mtoto anayeomba chakula hawezi kufa, nilijiambia hivyo.

Jumapili Kabange alipokea komunio katika robe niliyomgeuzia kutoka kwenye robe yangu ya ndoa. Sikuunga kipande chochote cha mtu mwingine, hata kifungo. Alipendeza, jamani! Lydie alisimama karibu nami, anaimba kuliko kwaya. Hakulia hata kidogo. Alikuwa amevaa poti mbili za sufu, sweta juu ya sweta, na watu wengine walikuwa wanajipepea kwa joto la kanisa lililojaa. Nikadhani ni homa ya huzuni inamtoka.

Siku chache baadaye, jioni, nikaenda kwake kumpelekea samaki walioletwa kutoka Mulongo. Kabange alikuwa nje anaruka kamba na wasichana wenzake, mashavu yamejaa damu.

"Kyungu anakusumbua tena?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, Mama mukubwa. Alipata fasi."

Akaendelea kuruka.

Niliingia. Lydie alikuwa anatundika sufuria ukutani, amenipa mgongo, mikono juu. Alikuwa amevaa libaya lake la kila siku, ile blauzi ya kijani. Na chini ya kwapa, pande zote mbili, mpaka kiunoni, nikaona vitambaa vyeupe. Vimeshonwa kwa mkono, kwa sindano, vishono vidogo vidogo. Alishona mwenyewe. Vizuri kuliko mimi.

Nilisogea, nikamgusa ubavuni.

Jiwe la mtoni.

"Lydie... vua hiyo nguo."

"Haitoke tena, Yaya."

"Nitafumua. Niko na wembe. Kaa chini."

Akageuka. Uso wake ulikuwa umekonda, midomo ina rangi ya majivu, lakini macho yalikuwa yametulia. Sikuwa nimeyaona hivyo tangu mwaka juzi. Akanishika kiganja, akakifunga, akakirudisha kifuani kwangu, taratibu.

"Mutoto alikuwa anaomba fasi tu. Kwa mwenzake ilikuwa kidogo. Kwangu alikaaka zamani, mu tumbo, anakujua mule."

"Utakufa, weye!"

"Pole pole. Tulisikilizana naye. Atangojea kwanza Kabange akomae."

"Na Ngandu akirudi? Nimuambie nini?"

"Umuambie naogopaka baridi."

Nilitaka kupiga kelele, kuita majirani, padri, mtu yeyote. Nilitaka kumwangusha chini nimfumue kwa nguvu kama nilivyomfumua mtoto. Lakini Kabange aliniomba nimsaidie. Huyu alikuwa ananiangalia kama ananionea huruma.

Basi nikasikia kikohozi. Kidogo, cha kukwaruza. Kutoka ndani ya libaya.

Lydie hakushtuka. Alikaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa, akaanza kujipigapiga ubavuni kwa kiganja, pole pole, namna tunavyompiga mtoto mgongoni alale.

Kikohozi kikanyamaza.