Theluji Yenye Ladha ya Mafuta ya Taa

Kibendera chekundu walichokuwa wakikifuata walishakipita, na kilichopaswa kufuata hakikuonekana. Rigzin alisimama, akainua mkono, na nyuma yake kamba ya kuburutia sleji juu ya theluji ikalegea. Mbele kweupe, nyuma kweupe, juu kweupe vilevile, kama mtu aliyefunikwa shuka usoni akaambiwa atembee.

"Mbona tumesimama, afande?" Murup aliuliza kutoka nyuma ya sleji.

"Bendera sizioni."

"Sema tu tumepotea. Mimi habari mbaya nimezizoea, nina mama mkwe."

Rigzin hakucheka. Kule juu kucheka nako kunakula pumzi, na pumzi zenyewe ni za kubana. Tena alikuwa amechoka, ule uchovu wa majira mazima ya baridi kwenye kituo cha mpakani, ambao hata ukilala unaamka nao.

Kwenye sleji, amefungwa ndani ya begi la kulalia kama mtoto wa mgongoni, alilala mwenzao Punchok. Mapafu yake yalikuwa yakijaa maji, ugonjwa unaowapata watu wa milima mirefu, na kila akivuta pumzi kifua kilitokota kama sufuria ya uji. Helikopta isingeweza kupanda katika hali ile ya hewa, na dawa kubwa ya maradhi yale ni kumshusha mgonjwa. Kambi ya chini ilikuwa na daktari na mitungi ya hewa. Wasipomfikisha kabla ya giza, Punchok angezama ndani ya kifua chake mwenyewe, huku akiwa mahali ambapo hakuna hata tone la maji lisiloganda.

"Kaka Rigzin," mgonjwa alinong'ona. "Chai ipo?"

"Ipo ya Murup."

"Basi. Inanuka mafuta ya taa."

"Mnaona? Anakufa na bado ananisema," Murup alilalamika. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Katika kila kambi majiko ya mafuta huwaka mchana na usiku, na masizi yake huangukia upande unakoenda upepo. Mwenye bidii huchota theluji ya chai upande unakotoka upepo. Murup huchota mlangoni.

Wakashuka taratibu, Rigzin akichoma theluji kwa fimbo kabla ya kila hatua. Fimbo ilimwambia pagumu, naye akapita. Sleji ilipofika palepale, theluji ikakatika. Mkia wa sleji ukazama kwenye ufa, na kamba ikamwangusha Rigzin chali.

"Nimeishika!" Murup alikuwa amelala kifudifudi, sululu yake imekita kwenye barafu. "Mzigo ndio unaoivuta. Fungua mzigo, afande, mikono yangu haitaweza muda mrefu."

Mzigo wa nyuma ndio uliobeba hema, jiko, chupa ya chai, hata kisu. Rigzin alitambaa mpaka kwenye fundo. Lilikuwa limeganda kama jiwe. Akavua glavu kwa meno.

"Usivue!"

"Wewe nyamaza. Mimi nimefungua mizigo ya yaki theluji ikianguka, mikono mitupu, tangu sijajua kufunga suruali," Rigzin alisema, glavu ikiwa bado imebanwa menoni.

Na kweli, alizaliwa kwenye mahema ya wafugaji wa yaki, ng'ombe wa manyoya marefu, kwenye nyanda za juu za Changthang, mtu ambaye baridi ilimlea. Ila baridi ya nyumbani ilikuwa na moto wa samadi karibu, na mama wa kukusugua vidole. Alipofumbua mdomo ili aume fundo, upepo ukaichukua glavu. Hakuitazama. Aliuma, akavuta, akauma tena, na fundo likaachia. Mzigo ukaenda, na hawakusikia ulipotua. Wakaivuta sleji, wakakaa juu ya theluji wakihema.

Mkono wa kulia ulikuwa mweupe kama mshumaa. Murup aliuingiza kwapani mwake, chini ya koti.

"Unauma?"

"Hauumi."

"Hiyo ndiyo mbaya," Murup alisema, na safari hii hakutania.

Waliufunga kwa soksi, wakaendelea. Mchana ulianza kufifia. Kiu ikawakausha koo hadi mate yakawa kama gundi. Kutokota kwa kifua cha Punchok kulikuwa kumepungua, na Rigzin hakupenda ule ukimya. Alitamani kukaa kidogo tu. Aliwajua wanaokaa kidogo, maana alishawahi kusaidia kuibeba miili yao.

Murup akachota theluji, akaitia mdomoni.

"Acha, itakupoza tumbo."

Murup akatema. "Hata huku? Mpaka huku inanifuata?"

"Nini?"

"Ladha ya chai yangu."

Rigzin alipiga magoti, akaramba. Mafuta ya taa. Akasogea pembeni, akaramba tena. Hafifu. Akarudi, akaugeuzia upepo uso, na machozi yakaganda kwenye kope.

"Upepo unatoka kambi ya chini," alisema. "Masizi ya majiko yao yanatujia sisi. Tuuelekee."

Wakaenda wakiramba theluji kama mbuzi wanaoramba chumvi, wakipotea na kurudi, mpaka ladha ikawa kali ya kuchefua. Ndipo mbwa akabweka, na mtu akauliza kwa ukali ni nani hao.

"Tumeleta mgonjwa," Rigzin alijaribu kujibu. Sauti haikutoka. Murup akajibu kwa niaba yake.

Punchok aliishi. Vidole vinne vya mkono wa Rigzin havikuishi.

Majira ya joto alirudi nyumbani. Mkewe, Dolkar, alimfungia kamba za viatu kila asubuhi, na yeye akatazama pembeni. Yaki walipakiwa mizigo na wengine. Siku moja mvua ililowesha samadi, na Dolkar akapikia chai kwenye jiko la mafuta ya taa.

"Nisamehe, baba watoto," alisema akimpa kikombe. "Imeshika harufu. Niimwage?"

Rigzin alikibana kikombe kwa viganja viwili, akanywa polepole hadi chini.

"Niongeze," alisema.